Kuta za Kaole

Sisi wahiji wa Ndosho, mjini Goma, tulisafiri mpaka Bagamoyo, Tanzania, kusali katika misheni iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Kesho yake tukapelekwa kutazama magofu ya Kaole, karibu na hapo.

Tuliona misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, na makaburi ya wakubwa wa kale. Kiongozi alitueleza: mji ulistawi zamani, kisha mikoko ikaziba bandari, vyombo visiweze kutia nanga, watu wakahama.

Mama mmoja wetu akashika ukuta, akalia.

“Mama, walia nini?”

“Nakumbuka kanisa letu kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoteketezwa na moto wa Nyiragongo mwaka 2002.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe hapa kuta zimebaki, watu wamekwenda. Kwetu kuta ziliungua, watu tukabaki.”

Nikaona haya. Tangu duka langu kuungua siku ile ile, nilikuwa nimeacha sala za shirika.

Basi, tuliporudi, Jumapili nilipita juu ya mawe meusi, nikabisha hodi kwa jirani zangu. Walinisogezea kiti.