Kalamu nene kwa mikono ya baba

Kijana, biki nyembamba inasumbua vidole vya baba aliyeshika mashine ya kutoboa mwamba miaka mingi. Umutengenezee kalamu nene, mfano wa sigara kubwa ya matajiri (kuvuta, hapana!). Vyuma vya ndani vinauzwa tayari. Kata mukula vipande viwili, toboa kila kimoja milimetre 10, ingiza mrija wa shaba ya njano na gundi. Hapa wengi wanaharibu: gundi haijakauka, wanakimbilia ku mashine, mti unapasuka. Ngoja mpaka kesho. Kisha uchonge polepole, ukiacha tumbo katikati. Vumbi yake ni nyekundu, funga pua. Mbele ya kupaka vernisi, baba ashike kwanza. Bado nene, unaweza kupunguza. Bulletini ya mdogo wako ikifika, atasaini yeye mwenyewe, hatakutuma wewe.