Nakala ya Tano

Niliposema nitaitembeza riwaya yangu mwenyewe hapa Ngonga, mjomba alicheka. "Kitabu siyo mchele, mjomba."

Nikamtajia WITCH, vijana wa roki wa Zambia. Mwaka 1972 walitoa santuri yao ya kwanza, Introduction. Waliitoa wenyewe, wakawa wanaiuza kwenye maonyesho yao. Mwimbaji, Emanuel Chanda, waliyembandika jina la Jagari kwa sababu ya Mick Jagger, baadaye akaingia kuchimba madini. Mwaka 2023, akiwa na zaidi ya miaka 70, bendi ikatoa albamu mpya, Zango.

"Kwa hiyo na wewe utangoja miaka hamsini?"

Jamani, sikuwa na jibu.

Jumamosi nikatoa fotokopi kumi za sura ya kwanza, nikasimama penye mashine ya kukoboa mpunga, maana pale watu wanangoja zamu. Nikasoma kwa sauti, nikishindana na mashine. Zikatoka nne, shilingi mia tano kila moja. Ya tano aliichukua mjomba. Hajalipa. Ila jana usiku kaniuliza, yule binti wa Itungi aliolewa au vipi?