Nilivyosugua ada yangu kwa majivu

Najua mmenikasirikia. Mara ya mwisho niliandika kabla ya likizo ya Pasaka, nikaahidi nikirudi ntawapa stori za nyumbani, halafu kimya. Wengine mkadhani nimedisko. Hapana bwana, nipo, ila nilikuwa na aibu. Leo nimeona niiseme tu, maana chumba kizima wameshajua na bado wananicheka kila nikiosha vyombo.

Ilianza hivi. Usiku mmoja umeme umekatika, rumeti wangu yuko kitandani na simu yake. Akaniambia, "We, sikia hii. Kuna kipande cha karatasi kimeuzwa dola milioni tatu na laki saba na nusu." Nikajua ni yale mambo yake ya mtandaoni. Kumbe kweli. Ni kadi yenye picha ya mchezaji wa mpira wa magongo wa kwenye barafu, Wayne Gretzky, Mkanada, ya mwaka 1979 alipokuwa ndo anaanza. Kampuni yake inaitwa O-Pee-Chee, na kadi zilikuwa zinauzwa kwenye pakiti pamoja na bigijii, watoto wananunua, wanabadilishana, wanazibandika ukutani. Hiyo moja iliuzwa mwaka 2021. Na nusu mwaka kabla, Desemba 2020, hiyo hiyo iliuzwa dola milioni 1.29.

Mimi nikauliza swali ambalo na wewe ungeuliza: kwani ziko moja tu? Akasema hapana, zipo nyingi tu. Ila ile haina kasoro. Pembe zote nne kali, picha imekaa katikati, uso hauna mkwaruzo. Kuna kampuni inaitwa PSA, kazi yake ni kukagua kadi na kuipa maksi kama mtihani, moja mpaka kumi. Kadi za O-Pee-Chee za miaka ile zilikuwa zinakatwa kwa waya, kingo zinatoka na nyuzinyuzi, kwa hiyo kupata kumi juu ya kumi ni kazi kweli kweli. Za Gretzky zilizopata kumi zinajulikana mbili. Kadi ile ile yenye maksi za chini haikufikishi huko hata kwa kuota. Na kadi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndo usiseme, zilichapwa mamilioni, watu wakazifungia makabatini wakisubiri utajiri mpaka leo.

Hapo sasa ningekuwa na akili ningeyashika hayo maneno. Mimi nikashika neno "dola" tu. Maana wakati huo nilikuwa nadaiwa ada laki nane, UE inakaribia, na pale chuoni mnajua, usipomaliza ada unaangalia wenzako wanaingia kwenye mtihani. Nikakumbuka kopo la babu.

Kwetu ni Msowero, ile barabara ya kutoka Dumila kwenda Kilosa. Babu ana kopo la maziwa ya unga, la bati, limeshika kutu mfuniko. Tulipokuwa wadogo akituonyesha tunakaa chini kabisa kama kanisani. Ndani kuna hela za zamani. Baba yake alikuwa mpagazi wa Wajerumani vita ya kwanza, alibeba mizigo akarudi na mguu mmoja hauko sawa na vihela hivyo. Vingine vimeongezeka baadaye, kila utawala umeacha chake.

Na kule kwetu, rupia ya Mjerumani siyo kitu cha kuchezea. Utasikia fulani kachimba chini ya mwembe kapata rupia kajenga. Utasikia kuna rupia inavuta punje za mchele kama sumaku, hiyo ndo ina bei ya gari. Watu wazima wameuza ng'ombe wakanunua vipande vya chuma vilivyofinyangwa juzi, wakavigusisha sumaku vikanasa, wakashangilia. Sasa wapendwa, rupia ya kweli ni madini ya fedha, na madini ya fedha hayanasi kwenye sumaku. Ikinasa ujue umeuziwa msumari ulionyooshwa.

Basi nikafika nyumbani Alhamisi jioni. "Shikamoo babu." "Marahaba mke wangu, umekonda, huko hawakulishi?" Tukataniana, nikala, nikamweleza habari ya ada. Akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na kopo. Akasema, "Nenda nalo. Ukipata mtu mkweli, uza. Ila ile kubwa usiiuze kabla hujanipigia."

Ile kubwa ni sarafu nzito, pana kuliko sarafu yoyote mliyowahi kushika. Upande mmoja mzungu na kofia ya chuma yenye ndege juu, ndo Kaisari Wilhelm wa pili. Upande wa pili simba na mti kama mnazi. Ilikuwa nyeusiii kama sufuria la mkaa. Ijumaa Kuu wenzangu wako kanisani, mimi nimekaa jikoni nikawaza: mteja atanunuaje kitu kichafu hivi? Nikachukua majivu, nikakamua ndimu, nikachukua stilwaya ya bibi. Nilisugua nusu saa. Ikatoka inang'aa kama kijiko kipya! Nikaipiga picha, nikajipongeza. Nilikuwa nataka nioshe na zingine ila ndimu ikaisha.

Jumanne nikarudi Morogoro. Mjini kuna mzee fundi saa, meza yake iko barazani, anajulikana kwamba anapenda sarafu na anajuana na wakusanyaji wa Dar. Simtaji, hapendi mambo ya mtandaoni. Nikamwagia kopo mezani. Akavaa ile lenzi yake ya jicho moja, akaanza kutenganisha bila kusema kitu. Nilikaa pale saa nzima na nikwambie, katika vipindi vyote vya mwaka huu sijafundishwa kama nilivyofundishwa pale.

Kwanza akaweka pembeni lisarafu la fedha lenye mama mnene na mwaka 1780. Mimi moyo ukapiga, miaka mia mbili na zaidi! Akacheka. Ni reale ya Maria Theresia wa Austria. Wafanyabiashara wa pwani na Uarabuni walizoea mwaka ule wa 1780, wakawa hawaamini mwingine, basi Waaustria wakaendelea kuzipiga miaka yote na tarehe ile ile. Mama wa watu alishakufa mwaka huo huo wa 1780 na sarafu zake zinaendelea kutoka. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haukwambii kitu. Ya kwangu bei yake ni uzito wa fedha iliyomo, basi.

Akatoa senti kumi yenye tundu katikati, ya Afrika Mashariki, 1936. Hiyo babu mwenyewe alikuwa anaisifia: mfalme aliyeandikwa pale ni Edward wa nane, ambaye hakuwahi hata kuvishwa taji, alijiuzulu Desemba ile ile. Nikasema hii lazima iwe adimu. Mzee akafungua droo akanionyesha zaidi ya kumi. Kule kwao Uingereza sarafu zilikuwa zinangoja sura ya mfalme ichorwe, na kabla hazijaanza kutumika jamaa kashaondoka. Huku kwetu ya tundu haihitaji sura, jina tu linatosha, wakazipiga kwa wingi zikasambaa mpaka vijijini. Stori tamu, sarafu tele.

Halafu kukawa na kifurushi cha noti. Zile za zamani za elfu moja na za mia tano, zimegandana kwa maji tangu mafuriko ya Januari 2014, yale yaliyokata daraja la Dumila. Hizi ziliniuma kwa namna yake. Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba noti za matoleo ya 1985 mpaka 2003, na mia tano ya 2010, zibadilishwe kuanzia Januari 6 mpaka Aprili 5, 2025. Babu hakusikia, au alisikia akasahau. Dukani hazipiti tena. Mkusanyaji naye hazitaki, anataka noti iliyonyooka kama imetoka kiwandani.

Kwenye fungu la Wajerumani ndo mzee alikaa sana. Mnajua neno "hela" limetoka huko? Mwaka 1904 walifanya rupia moja iwe na heller mia. Zamani yake rupia ilikuwa pesa sitini na nne, nayo pesa ilikuwa sarafu kweli, ya shaba. Sisi tunaita pesa, tunaita hela, hatujui tunataja chenji za watu.

Nilikuwa na hela ishirini tatu, za shaba, za mwaka 1916, zenye herufi T. Hiyo T ni Tabora. Wakati wa vita Waingereza waliziba bahari, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, basi wakahamishia kazi kwenye karakana ya reli Tabora. Pale pale waliitengeneza ile maarufu ya dhahabu ya rupia kumi na tano, yenye tembo na mlima, dhahabu yake ya Sekenke kule Singida. Hiyo ukiwa nayo humwangalii mtu usoni. Lakini hela ishirini walipiga zaidi ya milioni, kwa haraka, taji kubwa, taji dogo, nyingine zimekaa upande. Karakana moja, mwaka mmoja, vita moja. Moja inalala kwenye kasha la chuma, nyingine nimeuziwa nyanya kwa mfano wa bei yake. Mzee akazirudisha kwenye kopo.

Chini kabisa kulikuwa na kasarafu kadogo, kachafu, kana ukoko wa kijani, nilitaka nikatupe. Mzee akakanyanyua kwa koleo, akakageuza, akakaa kimya. Hela tano ya Tabora, 1916. Hizi walipiga chache sana kuliko ishirini. "Hii hukuiosha?" Nikasema ndimu iliisha. Akasema, "Mshukuru Mungu." Akanipa elfu themanini pale pale.

Ndo akafika kwenye ile kubwa. Nilikuwa nimeifunga kwenye leso peke yake, kama bibi harusi. Akaifungua. Sitasahau ule uso. Akauliza taratibu, "Nani kaiosha hii, mwanangu?"

Jamani. Rupia mbili za kampuni ya Wajerumani, 1894. Rupia moja ziko nyingi, lakini hizi za mbili walizitoa miaka miwili tu, 1893 na 1894, na hazikuwa nyingi. Akanivalisha lenzi nijionee. Uso wa Kaisari una mikwaruzo kama shamba lililopigwa haro, yote imeenda upande mmoja, mkono wangu ule. Ule weusi niliouita uchafu ni ngozi ya sarafu, inajijenga yenyewe miaka mia na thelathini, na chini yake kila nyoya la yule ndege lilikuwa salama. Mnunuzi anaitafuta ile ngozi. Akiona mng'ao wa majivu anajua imeguswa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Mzee akasema ingekuja nyeusi angempigia mtu wake wa Dar, laki tisa isingekuwa na ubishi. Sasa hivi laki mbili, na hizo ni kwa kunionea huruma.

Nikafanya hesabu kichwani mle mle. Laki tisa. Ada ni laki nane. Nilibaki naangalia zile saa za watu kwenye meza, kila moja ina saa yake.

Nikampigia babu. Nilikuwa nimepanga nimdanganye, nimwambie bei ndo hiyo tu. Ila sauti ikanisaliti, nikaanza kulia pale barazani watu wanapita na bodaboda zao. Nikamweleza yote, majivu, ndimu, stilwaya ya bibi. Kukawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Yule mzungu bado anaonekana sura?"

"Anaonekana babu."

"Na simba?"

"Yupo."

"Basi irudishe kwenye kopo. Laki mbili ntaitoa wapi nyingine ya baba?"

Nikamuuliza mzee fundi kama ile habari ya upagazi haiongezi bei. Akasema kwa babu inaongeza, kwake yeye anahitaji karatasi, jina, namba, kitu. Hatuna. Hao wapagazi wengi wao hakuna aliyewaandika.

Ada imelipwa, msiogope. Elfu themanini ya kale kachafu, na iliyobaki mjomba aliuza magunia ya mpunga aliyokuwa anayasubirisha mpaka bei ipande mwishoni mwa mwaka. Ameyauza mapema, bei ya kutupa. Hajanisema hata neno moja, na hilo ndo linanikosesha usingizi. Mama kaniambia bei ilivyo sasa hivi, nilimwomba asiniambie tena.

Kopo liko chini ya kitanda changu, nalirudisha mwezi ujao. Jana nilifungua nikaangalia ile kubwa, nikaona pembeni karibu na mkia wa simba kumeanza kurudi weusi kidogo, kama kivuli cha kidole. Rumeti kasema niipeleke kwa mzee tena. Sipeleki. Nilichojibakizia mimi, kwa ruhusa ya babu, ni senti hamsini ya Tanzania ya miaka ya Nyerere, yenye sungura. Bei yake haifiki hata vocha, lakini yule sungura nampenda tangu chekechea.

Na nyie mlioniandikia kwamba bibi zenu wana rupia, nitumieni picha kama zilivyo. KAMA ZILIVYO, mnanielewa? Ngoja nikimbilie kimbweta kabla hakijajaa, kesho saa mbili asubuhi nina pepa na sijagusa hata topiki ya tatu.