Moshi kwa mguu mmoja

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kupanda bodaboda alfajiri mjini Moshi, mguu wa kushoto ukiwa ndani ya buti la plastiki, mapajani umepakata vichane vinne vya ndizi na mgongoni begi la chupa za maji, basi bado hujaishi. Mwenzio nimeishi. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Februari 2024, siku ya Kilimanjaro Marathon. Namba yangu ya kukimbilia niliyoilipia kwa hela yangu mwenyewe ilikuwa imebaki chini ya mto wa kulalia. Dereva wa bodaboda aliniangalia kuanzia juu hadi kwenye buti, akauliza, "Dada, na wewe unakimbia?" Nikamwambia twende tu, kaka, kabla hawajafunga barabara.

Ngoja nianze mwanzo. Timu yetu ni ya kawaida sana. Tuko watu kumi na mmoja tunaokutana Masaki kila Jumamosi kabla hakujapambazuka, tunapita Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite, tunarudi, tunakunywa chai na kupiga umbea. Yupo dokta wa meno, yupo mwalimu wa chekechea, yupo mzee mmoja mstaafu anayetuacha wote kwenye mbio, ambaye tunamwita Kapteni. Na yupo Mhasibu. Huyu jina lake silitaji, maana jarida hili analisoma kila mwezi, tena anaanzia kurasa za nyuma.

Mhasibu ni shosti wangu. Tulianza kukimbia siku moja, wote tukiwa hatuwezi kumaliza hata kilomita mbili, na tukaahidiana kwamba Moshi tutakimbia 42 pamoja, tuvuke mstari tumeshikana mikono kama watoto wa shule. Mwezi Desemba nikapatwa na kiherehere. Nilikuwa nakimbia kama kilomita 25 kwa wiki. Ndani ya wiki tatu nikazifikisha karibu 60, eti nijenge pumzi. Pumzi kweli ilijengeka. Mfupa ndio uliokataa. Maumivu yalianzia sehemu moja ya muundi, padogo kama sarafu, na kila nilipokimbia yalizidi. Nikawa nameza dawa ya maumivu kabla ya mazoezi, nafika, natabasamu, nakimbia.

Mhasibu aliniona nikishuka ngazi kinyumenyume. Nikamwapisha asiseme. Akaenda kumwambia Kapteni siku hiyohiyo.

Msomaji, nilikasirika. Nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo hata sasa nikiyakumbuka nafunika uso: kwamba ana wivu, kwamba hajawahi kupenda nimzidi kasi, kwamba sasa atakimbia peke yake ndicho alichokuwa anakitaka. Kisha nikaenda kupiga eksirei. Picha ikatoka safi! Nikaituma kwenye grupu la timu, na chini yake nikaandika neno moja: "Haya." Kumbe ufa wa namna hii, unaoletwa na mfupa kupigwapigwa kila siku bila kupumzishwa, unaweza usionekane kwenye eksirei wiki za mwanzo. Katikati ya Januari mguu ulipoanza kuniuma hata nikiwa nimelala, nikafanyiwa kipimo cha MRI. Ufa huo hapo, mwembamba kama unywele. Wiki sita za buti, hakuna kukimbia.

Mhasibu alituma ujumbe: "Pole." Nikajibu: "Asante." Ikawa ndiyo mazungumzo yetu ya wiki sita. Sijui wewe, lakini mimi samahani ya siku mbili naiweza. Ikishafika wiki sita inakuwa nzito kama jiwe la kusagia, unalizunguka tu.

Kwa nini basi nilikwenda Moshi? Kwanza nauli nilishalipa, na mimi ni mtu wa kuhesabu hela. Pili, Kapteni alinipigia akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu wa ndizi na maji. Nakuhitaji barabara ya Mweka." Mzee yule hakatazwi kitu. Ijumaa asubuhi nikawa kwenye kiti cha nyuma cha basi pale kituo cha Magufuli, Mbezi, nimenyoosha mguu. Mhasibu alikaa mbele nyuma ya dereva.

Safari ya Moshi kwa basi ni siku nzima, na mimi naipenda. Chalinze unanunua korosho. Korogwe machungwa yanapanda hadi dirishani, na mashamba ya mkonge yamejipanga mistari mpaka macho yachoke. Ukishapita Mombo, milima inakusindikiza upande wa kulia, kwanza Usambara, halafu Upare, na joto la Same linaingia hata ukifunga pazia. Humo ndani stori ilikuwa moja tu: Akhwari. Kila mtu akinitazama mguu alikuwa na John Stephen Akhwari wake. Unamjua: Mtanzania aliyeanguka kwenye marathoni ya Olimpiki Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, akaendelea hadi mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. "Sasa wewe na ufa tu!" alisema dokta wa meno, na basi zima likacheka. Nikacheka na mimi. Usiku ule, kusema kweli, niliitoa ile namba nikaijaribisha kifuani mbele ya kioo. Lakini mtaalamu wangu wa fiziotherapia alishanijibu hilo mapema, maana na yeye nilimletea Akhwari: "Dada, Akhwari aliumia akiwa ndani ya mbio. Hakuondoka nyumbani akiwa na ufa." Nikakosa la kusema.

Moshi wikiendi hiyo usiende bila kuweka chumba wiki nyingi kabla. Mji unajaa hadi unashangaa watu wanalala wapi. Sisi tulipokelewa na mama mdogo wa Kapteni huko Soweto, magodoro sebuleni. Jumamosi wenzangu walikwenda kuchukua vifaa vyao, mimi nikachechemea hadi mnara wa saa, nikakaa kwenye kivuli na kikombe cha kahawa. Huu ni mji wa kahawa. Chama cha ushirika cha wakulima wake, KNCU, kipo tangu 1933, na ndiyo maana hata uwanja mbio zinapoanzia na kuishia ni wa chuo cha ushirika. Mji msafi, miti mingi, watu hawana papara. Mlima lakini usiusubiri mchana. Kilimanjaro ni mwenye nyumba mwenye maringo: asubuhi na mapema anatoka barazani, jua likipanda anajifunika mawingu.

Jioni yule mama akaniletea bakuli la mtori mimi peke yangu. Wengine walipewa wali. "Huu tunawapa waliojifungua," akasema, "na mwenye mfupa pia." Ndizi zimepondwa zikalainika, nyama imechemka na mfupa wake. Nilikula mabakuli mawili. Mhasibu alikuwa amekaa mkabala, anafunga na kufungua kamba za viatu vyake vipya kabisa. Nikataka kumwambia asikimbie na viatu vipya. Sikumwambia. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa, nakusimulia ulivyo: sehemu yangu ilitaka ashindwe. Siyo aumie, hapana. Asimalize tu, ili pale uwanjani tuwe wawili.

Basi, bodaboda. Barabara ya Mweka inaanzia mjini na kupanda moja kwa moja kuelekea mlimani, ndiyo hiyo inayokwenda kwenye lango ambalo wapanda mlima wengi hushukia, na kwenye chuo maarufu cha wanyamapori. Ukiiona ndani ya gari unasema kamwinuko tu. Waulize miguu. Wa kilomita 42 hutangulia kumaliza kipande cha tambarare upande wa barabara ya Dar, wakishachoka ndipo wanaanza kupanda, wanageuza huko juu na kushuka uwanjani. Kwa hiyo anayesimama pale kati anawaona wote mara mbili. Nikachagua mahali penye duka dogo, migomba na mibuni pande zote, na mfereji ukipita kando ya barabara, ile mifongo ambayo Wachagga walichimba vizazi na vizazi kuteremsha maji ya mlima mashambani. Juu yangu Kibo ilikuwa wazi, nyeupe kileleni, rangi ya waridi ubavuni. Kwa dakika kama ishirini sikukumbuka mguu.

Bibi mmoja muuza ndizi akanitolea kigoda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hawa watu wanakimbilia nini?"

Nikamweleza. Akauliza, "Wanalipwa?" Nikasema wachache wa mbele kabisa. Wengine wamelipa wao. Bibi akaweka chini kisu chake. "Wamelipa? Kupanda huku? Mimi napanda kila siku na mzigo kichwani, hakuna aliyenipa fulana."

Kushangilia, msomaji, ni kazi. Wa mbele walipita kimya kabisa, unasikia viatu tu, na kabla hujafungua mdomo wameshapotea. Baadaye likaja kundi la kilomita 21, mafuriko ya watu. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Nikagundua kwamba "Umekaribia!" haisaidii, tena inaudhi, maana kila mtu anajua kwamba hajakaribia. Ukisoma jina lililo kifuani ukaliita, mtu ananyanyua kichwa. Watoto wa pale walinifuata nyuma wakiigiza chechemeo langu, mmoja akaniuliza kama nina mguu wa roboti. Watu wa misa nao walianza kupita na suti zao na vitenge, wengine wakisimama kupiga vigelegele kabla ya kuendelea kanisani. Bibi, yule wa kulaumu, alikuwa amesimama barabarani anamenya ndizi na kuwatilia wakimbiaji mkononi. Zake za biashara, siyo zangu.

Kapteni akapita akipanda, akanipa ishara ya dole. Mwalimu akapita. Mhasibu akapita, akachukua chupa mkononi mwangu bila kuniangalia usoni. Nikamwita jina lake. Hakugeuka.

Walianza kushuka. Kapteni, karibu anacheka. Dokta. Mwalimu, analia na kukimbia kwa pamoja. Nikahesabu, wote isipokuwa mmoja. Jua lilishakuwa kali, Kibo imeshajifunika. Waliobaki barabarani walikuwa wakitembea. Nilikatazwa kutembea mbali, hilo nalijua, lakini nilichukua ndizi moja na chupa, nikapanda taratibu kama hatua mia tatu hivi. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa mfereji, miguu ndani ya maji, viatu vipya pembeni.

"Wameniambia nipande gari," akasema. "Nikipanda utanicheka?"

Jibu lilikuwa tayari kinywani: panda, shosti, hakuna ubaya, mbio zipo mwakani. Ni maneno mazuri. Ni maneno ambayo mtu yeyote angeyasema. Mimi tu ndiye niliyejua yanatoka wapi.

"Panauma wapi?" nikamuuliza. Akaonyesha paja lote, na ndama. Siyo sehemu moja? Siyo sehemu moja. Ukibonyeza mfupa? Nikabonyeza muundi juu hadi chini, hakuna. "Simama. Rukaruka kwa mguu mmoja."

"Una wazimu?"

"Ndivyo alivyonifanyia mtaalamu wangu. Mimi nilishindwa hata mara moja. Ruka."

Basi Mhasibu, mwanamke mzima, amepiga malengelenge visigino vyote viwili, akaruka kwa mguu wa kushoto mara kumi katikati ya barabara ya Mweka, halafu wa kulia, huku familia moja iliyotoka kanisani imesimama kututazama. Aliruka vizuri tu. Anapiga kelele, lakini anaruka.

"Huna kitu," nikamwambia. "Ni misuli imekaza. Kula hii ndizi, vaa viatu vyako vibaya hivyo, ushuke polepole. Na mfupa ningeusikiliza siku ile uliponiambia."

Ndiyo samahani iliyotoka. Siyo nzuri sana. Alimeza ndizi, akafunga kamba, akasema, "Uliniumiza sana, wewe," kisha akaanza kushuka, kwanza anatembea, halafu ule mwendo ambao siyo kutembea wala kukimbia.

Sikumwona akivuka mstari. Bodaboda walikuwa bado hawaruhusiwi, nikakaa kwa bibi hadi barabara ikafunguliwa, ananiuliza kama yule wa mfereji ni ndugu yangu. Nilipofika uwanja wa Ushirika wafanyakazi walishaanza kukunja mahema, na Mhasibu alikuwa amelala kwenye nyasi, medali imemfunika jicho moja. Saa sita na ushee alizokimbia hazijamtoa kwenye orodha, hilo alihakikisha mara tatu.

Kesho yake kwenye basi tulikuta viti viwili vya pamoja, kimoja dirishani, kingine njiani penye nafasi ya kunyoosha mguu. Yeye hawezi kukunja magoti, mimi nina buti. Tulisimama pale tunabishana hadi konda akachoka. "Kwani mgonjwa nani kati yenu?" akauliza, na kila mmoja akamnyooshea mwenzie kidole.