Maji Yasiyo na Chumvi

Tasnifu yangu ya uzamili nilitaka iwe juu ya bakteria wa mapango yenye salfa. Nilikuwa nimesoma habari za pango la Movile, Romania, lililogunduliwa mwaka 1986. Ndani hamna jua na hewa ni mbaya, lakini bakteria hupata nguvu kwenye gesi inayonuka kama yai viza, na wadudu wa humo hutegemea bakteria hao. Nauli ya Romania sikuwa nayo. Nilikuwa na nauli ya treni kutoka Tabora, nyumbani kwetu, hadi Uvinza.

Hiyo ndiyo njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba chumvi ya Uvinza, chumvi iliyochemshwa vyunguni kutoka kwenye chemchemi za karibu na mto Malagarasi. Bibi alizaliwa huko, akaolewa Tabora.

Nikabadili mada, nikachagua vijidudu vipenda chumvi. Ndivyo hugeuza mabwawa ya chumvi kuwa mekundu duniani kote, na huweza kuishi kwenye maji yenye chumvi karibu mara kumi ya bahari. Siku moja maabara nilidondoshea sampuli maji ya bomba, nikainama kwenye hadubini. Vile vijiti vilivimba, vikawa mviringo, vikapasuka. Maji ninayokunywa mimi yaliviua.

Nilikaa kwenye kiti muda mrefu.

Babu alipofariki, tulimhamishia bibi Dar es Salaam, kwa shangazi. Maji yalikuwa ndani, hakuna kuni za kusaka, hospitali ilikuwa jirani. Wazo lilikuwa langu. "Mume wangu," aliniambia stesheni, kwa utani wake wa siku zote, "huko nitafanya nini?" Nikacheka, nikasema atapumzika.

Alipumzika. Aliacha kutania, kisha akaacha kuuliza habari za shamba. Mwaka haukuisha, tukamrudisha Tabora kumzika.

Daktari alisema ni moyo, nami ninamwamini. Bibi hakuwa kijidudu, na hadubini yangu haiwezi kunieleza kifo chake. Ila imenifundisha swali. Nikikuta kiumbe mahali ambapo mimi nisingedumu hata siku moja, naanza kwa kuuliza hapo anaishi kwa nini, kabla ya kufikiria kumtoa.

Kwa bibi sikuuliza.