Redio ya ridhaa si CB

Kila nikisema kwamba baada ya kazi huwa nakaa na redio yangu, lazima rafiki mmoja aulize, "Ile ya madereva wa malori kwenye filamu za Marekani?" Hapana jamani! Ile ni CB. Yangu ni redio ya ridhaa, na leo nataka tumalize ubishi huu.

CB ilitengewa masafa ya karibu megahezi 27 huko Marekani mwaka 1958. Kichekesho ni kwamba masafa hayo yalichukuliwa kutoka kwa wanaredio wa ridhaa. Ikavuma sana baada ya uhaba wa mafuta wa 1973, madereva wakiambiana petroli iko wapi na polisi wamejificha wapi. Kule huhitaji mtihani wala leseni. Unanunua, unawasha, unaongea. Lakini una chaneli 40 tu, wati 4 kwa AM, na huruhusiwi kuifungua redio ukaiongezea nguvu.

Kwa redio ya ridhaa unaanza na mtihani: umeme, antena, sheria. Ukipita unapewa leseni na alama yako ya wito, ambayo hapa Kenya kwa kawaida huanza na 5Z4. Baada ya hapo unafunguliwa masafa mengi, na unaweza hata kujitengenezea kifaa cha kurushia mawimbi. Kwa sisi waandishi wa programu, ni kama kupewa nywila ya msimamizi badala ya akaunti ya mgeni. Masharti yapo: hakuna biashara, na hakuna kuficha ujumbe kwa msimbo wa siri. Mtu yeyote anaweza kukusikiliza. Mimi ambaye kazini nasimba kila kitu, hili lilinishangaza kidogo.

Kinachonikosesha usingizi hasa ni FT8. Ilitolewa 2017 na Joe Taylor, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1993, pamoja na Steve Franke. Kompyuta hutuma ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde 15, kwa upana wa hezi 50 tu, na huweza kusomwa hata pale ambapo sikio lako linasikia kelele tupu. Saa ya kompyuta lazima iwe sahihi, la sivyo hupati kitu. Programu yake, WSJT-X, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Jioni moja, kwa wati 5 na waya wa mita 10 juu ya paa, nilijibiwa kutoka Italia. Hakuna setilaiti, hakuna bando. Mawimbi yalipanda juu angani, yakapindwa, yakarudi chini.

Waya huo ndio umeniletea maneno. Jirani alilalamika kwamba namsikiliza simu zake, na mwenye nyumba akataka niushushe siku hiyo hiyo. Nilimwonyesha leseni, nikamwita aketi asome ujumbe kwenye skrini. Mzee aliuliza swali moja tu: "Na hao watu wa mbali, mnaongea nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba mara nyingi tunapeana alama za wito na kipimo cha mawimbi, basi. Akacheka sana.

Waya bado uko juu. Amesema tutaongea tena Desemba.