Stika za Sukhoi

Jamani, mimi hapa Buyenzi natengeneza ndege za kivita kwa katoni. Stika zake nazichora mwenyewe: bendera ya Kongo, bluu, nyota ya njano, mstari mwekundu. Naziprinti kwenye karatasi ya kunata, nazikata kwa wembe.

Ya kwanza ni Sukhoi-25. Tarehe 24 Januari 2023 tulikuwa Goma. Ndege kama hiyo ilirushiwa kombora juu ya mji, ikatua na moto ubavuni. Mdogo wangu alijificha chini ya kitanda.

Juzi nikampa stika abandike. Akakataa.

“Yaya, hii iwekee madirisha. Watu wapande, turudi nyumbani.”

Basi nimekata madirisha 12. Bendera inabaki.